Blanketi la Baba Mkwe

Jumanne, 8 Julai 2025

Shule zimefunguliwa leo. Baridi! Ukungu wa milima ya Matogoro umeshuka mpaka mlangoni. Mwanangu Noela kaondoka na koti nililomshonea kwa mapazia ya mitumba – nje pazia, ndani pazia, katikati sponji la mto wa kochi. Nilijiona fundi kweli. Mchana karudi kalikunja ndani ya begi, anatetemeka. Wenzake wamemcheka darasani, eti pazia linatembea, dirisha umeliacha wapi? Na mimi nikacheka kidogo. Halafu nikaona midomo yake ilivyopauka. Hataki kulivaa tena. Nimemgombeza bure, mtoto wa watu.

Alhamisi, 10 Julai

Anakohoa. Romanus anasema tusubiri, Jumamosi atapita mitumbani kutafuta sweta. Mume wangu na Jumamosi zake!

Nyuma ya kabati upo mfuko wa salfeti wenye vitu vya marehemu baba mkwe. Umewekwa kwetu mpaka arobaini, ndipo ukoo ukae ugawane. Kabla ya hapo haufunguliwi. Najua. Hata Noela anajua.

Nimeufungua.

Blanketi lake lilikuwa juu kabisa. Zito, la kijivu, mstari mwekundu pembeni. Linanuka moshi na tumbaku. Nikajiambia naliangalia tu. Halafu nikajiambia mzee alimpenda Noela, angempa mwenyewe. Nani wa kunibishia? Nikachukua mkasi.

Ijumaa, 11 Julai

Koti limetoka zuri. Naandika kwa hasira, maana ni zuri kweli! Lina kofia, lina mifuko. Upande wa ndani wa blanketi nimeugeuza ukawa nje, mstari mwekundu nimeuficha chini ya bitana. Palikuwa na tundu la cheche ya moto, mtu kalifuma kwa uzi wa bluu. Hilo nimelipeleka kwapani. Mshonaji asiye na hatia hahangaiki hivyo.

Romanus kauliza kitambaa nimekitoa wapi. Mitumbani, nikasema. Akanipa hongera. Blanketi la baba yake mzazi, na hakulitambua! Wanaume hawaangalii vitu kama hivyo.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani wote wamelisifia koti. Mama mmoja alimgeuza Noela huku na huku kama yuko dukani. Komunyo sikupokea. Romanus akanitazama, nikasema tumbo linasokota.

Tuliporudi jirani yangu Sabra kanidaka getini. Anataka mawili ya wanawe, nimwelekeze kwa muuza mablanketi. Nimesema yameisha. Kasikitika sana, nami nikaingia ndani haraka.

Noela hajakohoa tangu jana.

Alhamisi, 17 Julai

Shangazi Kasiana kafika kutoka Namtumbo kwa ajili ya arobaini. Ndiye dada wa marehemu. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, poleni na baridi. Hata chai hajaimaliza, kasema yeye kwenye mfuko ule hataki kitu ila blanketi. Alimnunulia kaka yake mwenyewe, mwaka ambao tumbaku ilikubali. Anataka kujifunika tu, basi.

Nikamwaga chai.

Palepale Noela akaingia mbio kutoka shule, akamrukia bibi yake. Shangazi akamnyanyua – na mikono ikasimama kwapani. Vidole vikapapasa, vikaondoka, vikarudi. Ule uzi wa bluu ni wake! Nimeelewa hapo hapo. Nilikuwa nimepiga magoti nafuta chai, nikaendelea kufuta pakavu.

Hakunitazama. Akamuuliza Noela kama koti lina joto. Noela akasema sana, bibi. Haya, akasema, nenda kale.

Ijumaa, 18 Julai

Leo nilitaka kumwambia. Tulikuwa tunachambua maharage ya kesho, mimi na yeye tu. Nikaanza, "Shangazi..." Akasema maharage ya mwaka huu yana mawe mengi. Nikaanza tena baadaye wakati wa kuosha vyombo, nikaishia kumuuliza kama anataka maji ya moto. Afadhali angenitukana! Namwonea aibu mpaka nashindwa kumpa kikombe mkononi, naweka mezani.

Jumamosi, 19 Julai

Mchana huu huu. Niko chumbani, mlango nimeubana kwa kiti.

Misa ilisomwa asubuhi, watu wamekula, ukoo umekaa sebuleni. Baba mdogo Leodegari ndiye mwenyekiti. Kaufungua mfuko: suti, mashati, kofia, redio. Blanketi hakuna. Kaupekua tena mpaka chini. Akauliza, mfuko huu alikuwa nao nani? Romanus akanitazama. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua.

Shangazi akatangulia. "Nililichukua mimi siku ya maziko. Nilikuwa nasikia baridi."

Hapo wakamrukia! Baba mdogo anasema, mtu mzima kama wewe, unadokoa vitu vya marehemu kaburi bado bichi? Mwingine anasema ndiyo maana alikuwa na haraka ya kurudi Namtumbo. Na Romanus – Romanus wangu! – kasimama na kidole: shangazi umetutia aibu, mke wangu angeitwa mwizi ndani ya nyumba yake. Wameamua asipewe kitu chochote, hata leso. Na aombe radhi mbele ya wote, tena akiwa amesimama.

Yeye anasema sawa tu. Sawa, wanangu. Sawa.

Na mimi? Nimesema naenda kuleta sukari. Sukari iko jikoni na mimi niko huku na kalamu. Nikitoka nikasema, Romanus ataniangaliaje? Na nisiposema, Mungu wangu, huyu mama ataondoka hapa na jina gani?

Dirishani namwona Noela anaruka kamba uani, vifungo kafunga mpaka shingoni.

Nasikia kiti kinaburuzwa. Shangazi anainuka, anaomba mtu amshike mkono, magoti yanamsumbua. Sisikii mtu akisogea.

Romanus anagonga mlango. Mama Noela, iache hiyo sukari, anasema. Njoo ukae mbele, wewe ndiye unayeombwa radhi.