Uwatu Niliompa Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kusema kweli kuomba msaada si kawaida yangu, mimi ndiye huwa naombwa. Ni dereva wa lori la masafa marefu, nimelala mipakani mpaka mbu wa kule wananijua, na shule niliiacha njiani lakini barabara ikanifundisha yaliyobaki. Mke wangu alipojifungua maziwa yaligoma, mtoto analia, mama mkwe analia, nami nilikuwa na uwatu, zile mbegu ndogo za njano, chungu, nilizopewa na muuza viungo mmoja huko safarini, nikazichemsha kwa mkono wangu, mke wangu akanywa, na mshauri, maziwa yalitoka mpaka blauzi zikawa hazikauki. Habari ikakimbia kuliko lori langu, kila aliyejifungua mtaani akawa anabisha hodi kwangu, nikawagawia bure kwa sababu roho yangu ni kubwa kama tela, wakaniita Daktari Tairi, na mimi nikaitika.

Sasa mdogo wake mke wangu, shemeji ninayempenda kama dada wa tumbo moja, amepata mimba baada ya kuingoja miaka, akaja akisema kiuno kinamuuma, nami nikasema dawa ya wanawake ni ya wanawake, nikamchemshia uwatu mzito, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Juzi akasema tumbo linakaza halafu linaachia, nikamjibu ndiyo dawa inafanya kazi. Mke wangu alikuwa anakunja nguo, hakuinua hata kichwa, akaniuliza, "Baba watoto, mtu ambaye hajazaa, maziwa unamtafutia ya nini?" Nilicheka, lakini usingizi umenihama. Shemeji mwenyewe kliniki haendi tena, anasema mimi namtosha. Nimwachishe vipi bila kuonekana tapeli mbele ya mtaa mzima? Naandika nikiwa safarini, namba ya nyumbani nimeiweka hapa chini.

Dereva wangu, namba uliyoandika nimeipiga kabla sijaketi kukujibu, maana tumbo la mjamzito halingoji gazeti. Mkeo kapokea. Nimemwambia uwatu ukome, na wasikusubiri urudi safari, wamfikishe shemeji yako kliniki leo hii. Akasema tayari wanavaa viatu. Umeoa mtu mwenye akili.

Sasa wewe. Moyo wako ni mzuri, sibishi, lakini moyo si kipimo cha dawa. Uwatu kidogo kwenye mchuzi hauna ugomvi na mtu. Uliochemshwa mzito na kunywewa kutwa mara mbili ni jambo lingine, na mjamzito hashauriwi kabisa, unaweza kuamsha mji wa mimba kabla ya wakati wake. Wewe huweki dizeli kwenye gari la petroli eti kwa kuwa yote ni mafuta. Na hao waliopata maziwa, wengi walisaidiwa na watoto wao kwa kunyonya mara kwa mara, sifa ukabeba wewe.

Tapeli ni anayejua amekosea kisha akaendelea kuchemsha. Omba ruhusa kazini, nenda kliniki mwenyewe na hizo mbegu mkononi, mweleze mkunga ulitia kiasi gani, usipunguze hata kijiko. Atakayebisha hodi kesho, mwambie aanzie kwa nesi, hasa mwenye mimba au anayetumia dawa za kisukari, maana uwatu nao hushusha sukari. Na mkunga akiuliza nani alimpa, usimtazame shemeji yako. Jibu: ni mimi.