Mukhwana na Mulongo wa Chuma

Bungoma, 9 Februari 1992

Ndugu yangu mkubwa Walubengo,

Nakusalimu kutoka nyumbani Mabanga. Sisi wazima, isipokuwa mama na magoti yake. Wewe je, kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea kimepungua?

Nina swali la kazi. Kiwanda chetu cha nyuzi kinataka bomba jipya la kupitisha dawa ya kung'arisha, ile ya moto. Stoo kuna pleti za aina mbili za stenlesi ngumu, zile ambazo hata sumaku inazishika. Rangi moja, uzito mmoja. Tumezibatiza Mukhwana na Mulongo, kama mapacha wa kwetu, wa kwanza kutoka na wa pili. Nyapara Kemboi anasema, "Si zote ni stenlesi? Chomelea, bana." Lakini atakayefanya kazi chini ya hilo bomba ni mimi, si yeye. Nichukue ipi?

Mdogo wako,
Nakhungu

Kitale, 20 Februari 1992

Mdogo wangu Nakhungu,

Mimi mzima, kikohozi ni kilekile. Huku Kipsongo mvua inaingia chumbani, lakini tunalala.

Barua yako imenichekesha. Ati hata nyinyi mnaziita hivyo? Kwenye yadi yetu ni majina hayohayo, hata fundi mwenzangu Kibiwott, ambaye ni Mnandi, anayatumia. Chukua Mukhwana. Yeye ametiwa kinga ndani ya chuma chenyewe, chumvi ya dawa hiyo haimli haraka. Mulongo ametiwa kidogo sana. Anafaa maji, anafaa tangi la maziwa. Ukimpitishia dawa ya moto atatoboka vitundu kama nguo iliyoliwa na nondo, na hutaviona mpaka siku atakapopasuka. Kuwachomelea ni kulekule, kwa hiyo mkono hautakuambia kitu. Shika neno langu: Mukhwana.

Kaka yako,
Walubengo

Bungoma, 30 Mei 1993

Kaka,

Salamu. Anayeandika ni mke wangu Rispah, mimi nasema tu. Bomba lilipasuka Jumanne nikiwa chini yake. Uso wote umefungwa. Daktari anasema jicho la kushoto limekwenda, la kulia haahidi.

Injinia amekuja kupima. Bomba ni la pleti ya namba 2304. Iliyofaa ni 2205, nayo bado imelala stoo. Kemboi alifika hapa hospitali akaniuliza, "Nani alikuambia uchukue hiyo?" Sikukutaja.

Kaka, hapa kazi yangu ni kufikiri tu. Sisi tuliita Mukhwana ile iliyoingia stoo kwanza. Nyinyi mliita Mukhwana ipi?

Mdogo wako,
Nakhungu

Kitale, 8 Juni 1993

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi.

Sisi tuliita Mukhwana ile yenye nguvu, kwa sababu mkubwa ndiye hubeba mzigo. Ndiyo hiyo 2205. Namba zimepigwa kwenye kona ya kila pleti, nilikuwa naziona kila siku, na sikukuandikia. Niliona tunaelewana.

Nakuja Jumamosi. Nitakwenda kwanza kwa Kemboi nimwambie aliyekuelekeza ni mimi. Kisha nitakuja kwako, useme lolote unalotaka kuniambia. Kama hutaki kunisikia, mwambie Rispah, nitarudi Kitale.

Kaka yako,
Walubengo

Mabanga, 15 Juni 1993

Shemeji Walubengo,

Sisi tumo tu. Hospitali wametuachilia tuje nyumbani. Jicho la kulia nalo limekwenda.

Barua yako imefika leo. Jumamosi imepita na hukuonekana, nami nadhani uliogopa. Nilimsomea. Alimaliza uji wake kwanza. Kisha akasema: "Kwa Kemboi asiende. Wenye yadi ya kaka wakisikia watamfukuza kazi, na mama atakula nini? Aje huku. Habari za chuma asiniletee. Mahindi yameshikwa na magugu, aje apalilie."

Jembe liko kwa mama. Ukifika uanze kuongea tangu njiani, ajue ni wewe. Siku hizi mtu akimkaribia kimya anajifunika uso.

Shemeji yako,
Rispah