Mkanda wa Nne Kabla ya wa Pili

Jumatatu, 4 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati, wanune wanaonuna! Wenzangu wanaitafuta kwa tochi, mimi inanipandia ngazi mpaka chumba cha projekta. Miaka ishirini na sita sasa tangu nikosee mikanda ya ile filamu ya kinyozi — wa nne, wa harusi, nikautia kabla ya wa pili, kinyozi anapokutana na mchumba. Basi kinyozi anaoa, nyimbo, madansi, keki ghorofa tatu — halafu bibi harusi anamuuliza, samahani kaka, tumewahi kuonana? Watu mbavu hawana! Filamu iliyododa kila mahali, hapa kila mwezi inarudi, kwa mpangilio wangu. Kosa la mkono huu mmoja!

Jumatano, 6 Machi

Bosi mwenye ukumbi kaja na fundi, wanapima kuta. Eti pawe ghala la saruji. Nikamwambia, bosi, Jumamosi mchana viti vikijaa vyote je? Akacheka — filamu kuukuu kuliko hiyo suruali yako? Haya, vijae mia mbili, hilo ghala naliacha. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, mkata tiketi, akasema dirishani: vitajaa. Basi. Huyu maneno anayapima kwa kijiko.

Alhamisi, 7 Machi

Tumebandika matangazo mpaka kwa daktari wa meno.

Jumamosi, 9 Machi

WAMEJAA! Bibi kizee kajifunga pazia, ndiyo shela. Mafundi gereji wazima wamevaa aproni za kinyozi. Mama mmoja kaja na bintiye mjamzito — huyo binti naye aliingia humu akiwa tumboni. Wanaimba kabla ya mwimbaji! Naandika huku mkanda wa pili ukianza... "SAMAHANI KAKA, TUMEWAHI KUONANA?" Watu mia mbili, pumzi moja! Kalamu imeniruka.

Bosi kapanda, machozi ya kicheko mpaka kidevuni. Ghala limekufa, kasema. Na aliyevuruga mikanda ndiye meneja kuanzia leo — mkanda huu ukiisha nishuke, anitangaze mbele ya watu. Kanikumbatia. Mimi!

Kwenye kidirisha namwona shemeji kasimama nyuma kabisa, midomo inaimba.

Siku ile ya kosa la mikanda nilikuwa nimelala fofofo. Mkanda wa kwanza umekwisha, watu wanapiga miluzi, shemeji akapanda mbio, akatia uliokuwa karibu, wa nne. Nilipozinduka ukumbi unalia kwa kicheko. Akaninong'oneza: shemeji, sema ni wewe umekosea, wakijua ulilala watakufukuza. Nikasema. Nikaendelea kusema, miaka ishirini na sita, na chumvi juu.

Mkanda umebaki kidogo. Bosi ananiita, mara ya pili hii. Watu wanapiga makofi.

Bahati haikuwa yangu. Nilidanganya.