Mnyamwezi kwenye Tuta la Bi Zena

Mtani wangu Shomari,

Sikuulizi hali, maana huko uliko nadhani haibadiliki. Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto umevimba kidogo na kiwiko kimechubuka. Sababu ya vyote viwili ni wewe. Nitakueleza.

Watu wengine wakikutaja siku hizi hushusha sauti. Mimi nimeshindwa. Mkwere akifa, Mnyamwezi hapewi likizo ya utani. Tangu mababu zangu walipofika Bagamoyo na mizigo begani na mababu zako wakawacheka, tumepewa kazi ya kusemana ovyo mpaka makaburini, na kazi hiyo niliifanya vizuri. Siku ya maziko nilivaa helmeti yako ya njano, nikakaa chini mlangoni, nikasema jeneza halitoki mpaka nikombolewe, kwa sababu marehemu ameondoka bila kuniaga na tabia hiyo si ya leo. Shangazi yako akaniletea kuku. Nikamwambia kuku mwenyewe kakonda kama marehemu. Akacheka huku machozi yakimtoka, nami nikasogea, ukapita. Helmeti nilibaki nayo kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuidai.

Kazi yako ya kutembeza wageni kwa baiskeli sasa anaiendesha binti yako Tatu. Lile gurudumu ulilokuwa unalikaza spoki moyo wako uliposimama, alilimalizia yeye mara tu matanga yalipokwisha. Nilikuwepo. Alilizungusha, akalitazama likizunguka bila kuyumba, akalifunga kwenye baiskeli, akaenda kunawa mikono. Baadaye alipaka rangi upya kibao cha mlangoni na kupiga marufuku wageni wenye kandambili. Wewe ulikuwa unawaachia, kisha unatumia nusu ya safari kutafuta kandambili kwenye tope.

Unakumbuka safari yangu ya kwanza? Nilikuja kuandika habari: mtu wa Bagamoyo anawatembeza wageni kwa baiskeli za milimani. Swali langu la kwanza lilikuwa mlima uko wapi. Ukanijibu, "Andika wazi kwamba haupo, wasije wakaudai." Tukatoka mjini, tukapita minazini, tukashuka kwenye majaruba ya mpunga, tukapanda juu ya tuta la mfereji. Maji upande mmoja, mpunga upande mwingine, na njia yenyewe upana wa mkeka. Nilikuwa nimeshika breki zote mbili na bado naona naenda kasi. Tuta likaisha kwenye mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa, tukavuka ule mchanga mgumu mpaka kisiwani, tukaingia kwenye msitu ambao toka nje huwezi kudhani una njia. Mizizi kila mahali, tumbili wakituzomea, kivuli kizito, kisha ghafla bahari inaonekana katikati ya vigogo. Tulikunywa kahawa na kula kashata. Wewe hukutazama saa hata mara moja. Ulikuwa unatazama mzizi fulani wa mchu, mkoko wa pale ufukweni, na maji yalipougusa tu, ukasimama: "Twende, au tulale hapa na tumbili."

Mhariri wangu alilikata neno "kisiwa" kwenye ile habari. Alisema sehemu inayofikika kwa baiskeli si kisiwa. Uliposoma ukanipigia simu: "Mwambie mhariri wako aje asimame pale maji yakijaa, halafu anipigie akiwa nchi kavu." Nilimfikishia ujumbe huo neno kwa neno. Hakuja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ulipofariki, Bi Zena, mwenyekiti wa wakulima wa mfereji, alilifunga tuta. Hakuna baiskeli kupita. Tatu alikwenda kumwona mara mbili, mara zote kwa shikamoo nzuri na gauni la heshima, na mara zote alijibiwa yale yale: "Marahaba mwanangu. Ruhusa nilimpa baba yako. Tumemzika nayo."

Sikumlaumu Bi Zena. Nimeandika habari za kilimo miaka mingi, najua tuta ni nini. Ndilo linalozuia maji ya mpunga. Tairi likikata ukingo palipolowa, maji yanapata mwanya, mwanya unakuwa mlango, na wenye majaruba ya chini wanaamka na kukuta kumekauka. Ndiyo maana wewe, kila mlipofika palipolowa, ulikuwa unasema maneno mawili tu: "Shuka. Beba." Yule Mjerumani mrefu alikuuliza kwa nini abebe baiskeli wakati amelipia kuendesha. Ukamwambia, "Umelipia kuongozwa." Akabeba. Bi Zena alikuwa amesimama jarubani na jembe, akasikia, na kwa maoni yangu ruhusa yako yote ilitoka pale. Lakini Tatu, Bi Zena hakuwahi kumwona akiongoza hata siku moja. Aliona msichana wa mjini mwenye simu kubwa.

Bila lile tuta hakuna kisiwa, hilo unalijua. Njia nyingine, ya mashimo ya chumvi, wameizungushia uzio. Kinachobaki ni kuwazungusha wageni mitaani kutazama milango ya kuchonga, na kwa hilo hawahitaji baiskeli wala binti yako. Akapatikana mfanyabiashara wa Msata anayezitaka baiskeli zote kwa mkupuo. Tatu aliniambia, "Baba mdogo, nangoja arobaini ipite. Bi Zena asipolegea, naziuza, naenda Dar kutafuta kazi." Alilisema kavu kabisa, kama mtu anayesoma bei ya nyanya. Hapo nikajua kuwa limemwuma.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo na ubwabwa, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka, nikaona nafasi yangu. Nikavaa helmeti, nikakunja suruali mpaka magotini kama unavyokunja wewe, nikaingia uani nikikokota baiskeli yako. Nikasema kwa sauti yako ya puani, "Assalaam aleikum. Mimi Shomari. Nimerudi." Watoto wakakimbia. Shangazi yako akafunika uso kwa khanga, akicheka. Nikaendelea: "Huko nilikokwenda nimekwama. Njia ya kwenda kwa Mola imepita juu ya tuta la mfereji, na nimekuta Bi Zena amelifunga. Malaika wenyewe wanazunguka kwa barabara ya Msata, wanapakiwa kwenye malori ya mahindi."

Ua mzima ukaangua kicheko. Nilijipongeza. Kwa utani nilikuwa nimesema mbele ya watu neno ambalo Tatu asingeweza kulisema hata faraghani, na mtani hakasirikiwi.

Nilichosahau ni kwamba Bi Zena naye ni Mkwere. Aliweka sahani chini, akafuta mikono, akasimama.

"Marehemu," akaniita, "mbona umerudi na tumbo kubwa hivyo? Huko mnalishwa nini?"

Kicheko kikahamia kwake. "Haya, mimi simzuii maiti. Kesho asubuhi panda hiyo baiskeli yako upite tuta langu lote mpaka mikokoni. Ukipita bila kuniharibia tuta, njia iko wazi, nimeapa mbele ya hawa. Ukiliharibu nafunga, na mtoto wako asiniletee tena shikamoo za kuomba. Au Mnyamwezi mzigo huu umekushinda?"

Ungesemaje wewe? Watu wote wananitazama. Nikasema haujanishinda. Nikamtafuta Tatu kwa macho. Alikuwa mlangoni kwa jikoni na sinia mkononi, na usoni hakuwa na hata chembe ya tabasamu. Nilikuwa nimeiweka riziki yake juu ya tandiko la baiskeli, na tandiko lenyewe nalikalia mimi.

Asubuhi watu walikuwa wamepanga mstari kando ya majaruba kama wanangoja Mwenge wa Uhuru. Bi Zena amesimama kwenye lango la maji na jembe lake. Tatu akaja na baiskeli ya pili, akamwambia, "Shikamoo Bi Zena. Mgeni hapiti peke yake, ana mwongozaji." Bi Zena akamtazama juu mpaka chini. "Marahaba. Mwongoze."

Tatu alinipa maelekezo matatu, kwa sauti ya chini. Nitazame mbele, si maji. Nisikamate breki ya mbele. Nikiambiwa nishuke, nishuke.

Mawili nilifuata. Nilikwenda vizuri, Shomari, usicheke. Nilipita kwenye mikorosho, nikapita lango la kwanza, watu wakaanza kupiga makofi, na kuna mama mmoja akanipigia kigelegele. Nadhani kigelegele ndicho kilichoniponza. Mbele yetu palikuwa pamelowa. Maji yalikuwa yamepanda usiku na ukingo unang'aa. Tatu akashuka, akaibeba baiskeli begani, akasema bila kugeuka, "Shuka. Beba."

Nikaona pamebaki padogo tu. Nikaona watu wanaangalia. Mzee mzima nishuke mbele ya Wakwere? Nikakanyaga pedali.

Tairi la nyuma liliteleza kwanza, likakata ukingo kama kisu kwenye muhogo wa kuchemsha, kisha baiskeli, helmeti na mwandishi wako wote wakaingia mferejini. Maji yalinifika kifuani. Nilipoinua kichwa, kitu cha kwanza nilichoona ni maji yakimiminika jarubani kupitia palipokuwa na tuta. Nikamwita Tatu. Nilinyoosha mkono kabisa.

Tatu aliitupa baiskeli yake upande mkavu, akarukia kwenye ule mwanya, akakaa. Alikaa kabisa, Shomari, akauziba kwa mgongo, gauni na kila kitu, na mikono ikawa inazoa tope na magugu toka pembeni na kuyashindilia ubavuni mwake. Nikamwita tena. Akasema, "Baba mdogo, maji hayo hayazamishi mtu. Nipe udongo." Basi mimi nilikuwa nachota tope chini ya mfereji nikimpa, kifuani maji, kichwani helmeti yako, na yeye anashindilia. Alipoinuka, tuta lilikuwa limeshika. Alilikanyagakanyaga kwa visigino, akapita mara ya pili kutafuta panapovuja, ndipo akanipa mkono.

Bi Zena alikuwa ameshafika. Alichomeka mpini wa jembe pale palipozibwa, akausukuma kwa nguvu. Haukuzama. Nilikuwa natiririka maji, na nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani namna ya kumwomba radhi binti yako.

"Nilisema ukiliharibu nafunga," Bi Zena akaniambia. "Umeliharibu. Nimefunga."

Tatu akainama kuokota baiskeli yake.

"Nimefunga kwako wewe, Mnyamwezi. Usinikanyagie tuta langu mpaka ufe." Akamgeukia Tatu. "Wewe binti, mtu wako yuko majini anakupungia mkono, ukamwacha?"

"Anaweza kungoja, Bi Zena. Maji hayangoji."

Bi Zena akatazama pale palipozibwa, akatazama gauni la Tatu ambalo sasa lilikuwa tope tupu. "Wageni wako uwapitishe," akasema. "Ila masika uniulize kwanza." Kisha akaenda kufungua lango la maji, kwa sababu alikuwa na kazi.

Watu walitushangilia mpaka barabarani. Tulipofika nyumbani akapanga baiskeli ukutani, akazimwagia maji moja baada ya nyingine, akampigia simu yule mtu wa Msata kumwambia haziuzwi. Alipokata simu, akanitazama nilivyokaa kwenye kigoda na taulo la shangazi yako, akaanza kucheka, na akianza kucheka hujui ataacha lini. Alicheka mpaka akakaa chini. Ni mara ya kwanza tangu ulipoondoka, nami ningeweza kuingia mferejini tena kwa ajili hiyo.

Wageni wa kwanza walipita Jumamosi. Walikuwa walimu wa shule moja ya Dar, wote wamevaa viatu. Nilitaka kufuata nyuma yao kwa miguu, nipate habari kamili. Bi Zena akaweka jembe njiani. "Hata miguu. Zunguka." Nikazunguka. Njia ya kuzunguka ni ndefu na ina matope, na nilipofika mikokoni walikuwa wameshavuka mchanga. Nikamwona binti yako kwa mbali, amesimama mwisho kabisa kuhakikisha wa nyuma ameingia msituni, kisha naye akaingia.

Nakuaga hapa, mtani. Sikuachii machozi, yangekuharibia sifa ya kucheka na yangu ya kukuchekesha. Nakuachia ahadi. Tatu nitamtania kama nilivyokutania wewe, bila kumwonea huruma, akiwa na wageni au peke yake, ili asidhani amebaki bila mtu wa kumsema. Na siku yangu ikifika, ruhusa ya kukaa mlangoni na kunisema ovyo mbele ya watu nimempa yeye. Ameshaniambia ataanzia wapi.

Wako,
Maganga