Viti Saba, na Mimi Nimekosa Changu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unijibu upesi maana onyesho lenyewe ni Jumamosi ijayo na hapa nilipo nina hasira mpaka sindano inanichoma vidole.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, mume wangu anauza magari kwenye yadi kubwa, tuna watoto watatu na mama mkwe anaishi nasi, jumla tuko sita. Sasa kuna gari la familia, yale yaliyoinuka, ya ukubwa wa kati, toleo lake la mwaka ujao linakuja, na tangu lianze kutajwa nyumba yangu haina raha, tukila ni gari, tukilala ni gari, eti taa za mbele zimekuwa nyembamba kuliko za mwaka huu, eti injini inakwenda kwa mafuta na umeme, eti mlango wa buti unafunguka wenyewe ukipitisha mguu chini yake, na viti ni saba, safu tatu, mtu mzima anakaa mpaka nyuma bila kujikunja. Nikasema haya, riziki ni riziki, mtu aipende kazi yake.

Kabla gari halijaanza kuuzwa wateja wanaalikwa kuja kulitazama, na safari hii bosi wao akasema anataka familia halisi ishuke garini mbele ya watu, baba, mama, watoto na bibi, wateja waone wenyewe wanavyoenea. Mume wangu akaitoa familia yake, nami nikafurahi, kumbe nafurahia msiba wangu. Akaniomba nishone nguo za sare, buluu iliyokolea kama gari lenyewe, nikashona shati lake, magauni ya mabinti, kaptula ya mdogo wao, gauni la mama mkwe, na gauni la mama wa familia, ambalo vipimo vyake alinitumia kwenye simu, nikamwambia baba watoto, kiuno hiki si changu, akacheka, akasema, "Mpaka siku hiyo utakuwa umepungua," na mimi mjinga nikaacha kula chakula cha jioni.

Siku ya kupigwa picha za tangazo nilikuwa na nguo za harusi za kumalizia, akaniambia usijali, wewe utapigwa yako baadaye. Juzi nimempelekea chaja ya simu aliyoisahau, naingia yadini, nainua macho, bango limejaa ukuta mzima: mume wangu kwenye usukani, watoto wangu safu ya kati, mama mkwe safu ya nyuma magoti yamemfika kidevuni na bado anatabasamu, na kiti cha mbele, ubavuni mwa mume wangu, dada wa mapokezi, ndani ya gauni langu, limemkaa kana kwamba nimempima mwenyewe. Chini wameandika, "Kila mmoja ana nafasi yake."

Nilipomuuliza akasema, "Ni biashara tu, mama watoto. Bosi alitaka sura changamfu, na wewe siku hizi una uchovu usoni." Uchovu huo nimeutoa wapi, mshauri, kama si kwenye sare zake? Kisha, ili anipoze, akasema kiti cha saba bado kiko wazi, njoo ukae nyuma na mama, tutasema wewe ni shangazi yao. Shangazi, kwa watoto niliowazaa mimi. Mama mkwe naye ananiambia, "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu, akipanda cheo si tutakula wote," kwa sababu onyesho likienda vizuri mume wangu atakuwa mkuu wa mauzo, na nikigoma itasemwa nimemwagia mchanga kitumbua chake.

Na mtoto wetu mdogo anafanyishwa mazoezi kila jioni, aseme, "Mama, tumefika?" akimtazama yule dada. Jana namvua viatu ananiuliza, "Mama, Jumamosi utakuwa shangazi mpaka saa ngapi?" Nikaenda kulia chooni. Sasa nifanye nini, nikakae huko nyuma ili kuwe na amani, au nibaki nyumbani, au niende nikalichane lile gauni mbele za watu?

Wako, Shangazi wa Lazima.

JIBU

Mama watoto, hilo jina lingine sikuiti. Pole sana. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikanywa maji, ndipo nikaichukua tena, maana ningekujibu pale pale mhariri asingechapisha.

Kwanza wewe. Fundi mzima unapewa kiuno cha mtu mwingine, unashona? Tepu yako ilisema kweli, ukamsikiliza mume. Haya, hayo yameshapita. Lakini kuniuliza kama ukakae nyuma ili kuwe na amani, hapo umeniudhi. Amani ya nani? Ukishashuka kwenye lile gari ukiitwa shangazi, nyumbani utarudi na cheo gani?

Dada wa mapokezi mwache. Ameambiwa vaa, amevaa. Kama kuna lingine kati yao sijui, na wewe hujui, na kosa lililo ukutani linatosha bila kuongezewa. Gauni usilichane, kwa sababu watu watamkumbuka mwanamke aliyechana nguo yadini, na sababu yake hakuna atakayeiuliza.

Sasa wewe baba, najua gazeti hili linafika mpaka kwenye meza zenu. Bosi aliomba familia halisi. Unayo, inakula na kulala kwako, ukaenda kuunga nyingine. Mteja utakayemdanganya kuhusu mkeo akuamini vipi ukimweleza habari za breki? Na mama yako mtoe safu ya nyuma. Kama mtu mzima anaenea kule, kaa wewe.

Mama mkwe ana heshima yake, usimjibu vibaya. Mwambie kwa upole kwamba kombe hili halifunikiki, limeshabandikwa ukutani. Na mumeo akikosa cheo, kitumbua amekimwagia mchanga yeye mwenyewe.

Fanya hivi. Leo akirudi mwache ale, kisha mwambie mbele ya mama yake, bila kelele, kwamba watoto wako hawaendi popote kumwita mwingine mama. Kesho aende kwa bosi wake, yeye, si wewe, aseme mke wangu ni huyu na ndiye atakayeshuka mlango wa mbele. Bosi akikubali, vaa nguo inayokutosha, rangi uipendayo. Akikataa, mumeo ashuke na dada wa mapokezi, waseme wao ni wafanyakazi wa yadi, kwa sababu ndivyo walivyo, na watoto wabaki nyumbani. Ya katikati hakuna, usikubali hata akipiga magoti. Akinuna, anune.

Ila yuko mmoja asiyeweza kungoja wakubwa mpatane. Mtoto amekuuliza utakuwa shangazi mpaka saa ngapi, na barua yako yote nimeisoma sijaona ulimjibu nini. Weka gazeti chini umwite sasa hivi. Mwambie mimi ni mama yako, Jumamosi na siku zote, na baba akikufundisha vingine mwambie mama amekataa.