Mtoe Inspekta Nasra

Mkuyuni, 4 Machi 2024

Mtani Thobias,

Hujambo? Anastasia na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mama miguu bado inamsumbua, ndiyo maana sishuki mjini.

Sura ya mwisho ya kitabu chetu cha sita hiyo, anakuletea Pazi muuza ndizi. Safari hii nimekukomesha, Msukuma wewe. Inspekta Nasra yumo garini, amefungwa pingu, gari limetumbukia korongoni na linawaka. Kama kawaida yetu, sijui atatokaje. Kazi yangu kuwaingiza watu kwenye balaa, kuwatoa ni yako. Mtoe, tuanze kitabu cha saba. Bila huyu mwanamke sina cha kuamkia asubuhi.

Mtani wako,
Luqmani

Mafiga, 20 Septemba 2024

Mtani Luqmani,

Pole kwa kuuguza. Mama mwambie shikamoo.

Najua kitabu umekiona. Kimeishia kwenye moto wako. Mchapishaji aliupenda mwisho huo, nami sikubisha. Ukweli nilichoka. Vitabu sita wewe unawasha, watu wanakushangilia. Mimi nazima, hakuna anayeuliza nani kazima. Njia ya kumtoa niliiona siku ile ile. Sikuiandika. Sasa naandika peke yangu.

Usinune, watani hatununiani.

Mtani wako,
Thobias

Mkuyuni, 2 Oktoba 2024

Thobias,

Salamu zimefika, mama anaitikia marahaba.

Josephina wa nyanya amegoma kuniuzia mpaka nimweleze kwa nini nimemuua Nasra. Jalada lina majina mawili, kwa hiyo na mimi ni muuaji. Utani ni kusema Waluguru tunalima tumejifunga kamba tusiporomoke milimani. Hili si utani, umeniumiza.

Nimejaribu kumtoa mwenyewe, nimeshindwa. Niandikie hiyo njia, si ya kuchapa. Nataka tu kujua alitokaje.

Luqmani

Mafiga, 11 Juni 2025

Mtani wangu,

Poleni sana kwa msiba wa mama. Dada yako Hidaya alinipigia simu, nikaona aibu kuja.

Kitabu changu kimekwama. Mpelelezi wangu ana akili, anaweza kutoka popote, ila simpati wa kumfunga. Kurasa arobaini anakunywa chai. Nitumie balaa moja tu, nami nitakuandikia Nasra alivyotoka.

Mtani wako,
Thobias

Mkuyuni, 19 Juni 2025

Thobias,

Tumeshapoa, asante.

Ungekuja tu. Watani wenzako walikuja, wakalala kaburini wakidai hatuziki mpaka wapewe kuku, hata Hidaya akacheka huku analia. Ungefanya hivyo na wewe, ningekusamehe pale pale. Nilikuwa nakutazamia mpaka udongo wa mwisho.

Balaa ninayo, nzuri kuliko zote tulizowahi kuandika. Sikupi. Na Nasra muache humo humo garini, sitaki tena kujua.

Luqmani