Mtungi Ulioganda Huku Moto Unawaka

Mdogo wangu Mwikali,

Umeamkaje huko Mwingi? Goti limekubali kukunja, ama bado unaomba ukiwa umesimama? Mimi ni mzima hapa Nakuru kwa binti yangu Ndinda, ila moyo haujatulia. Mjukuu wangu Mutheu ndiye ananiandikia, na nimemkataza kunipambia maneno.

Jumamosi tulikuwa na wageni wa kanisa. Ndinda aliteleka sufuria kubwa ya pilau kwenye gesi huko nje, akafungulia moto wote, akaenda kupanga viti. Nikabaki nikilinda. Mara moto ukaanza kufifia. Nikashika mtungi wa gesi. Mwikali, ulikuwa na barafu. Jua linawaka, pilau inachemka, na mtungi umeganda tumbo lote, mweupe. Umri huu wote sijaona kitu kinachotoa moto huku chenyewe kinaganda.

Nikafikiria kile hata wewe ungefikiria. Mtoto wa mbuzi akizaliwa kwa baridi tunamlaza wapi? Si kando ya makaa? Basi nikabeba jiko la makaa lililokuwa hapo kando, likiwa jekundu, nikaliweka kando ya mtungi.

Ndinda alinikuta hapo. Alishika jiko kwa mikono mitupu, akalitupa mbali kwenye nyasi, akafunga gesi. Ndipo akakaa chini.

"Mama," akaniambia, "ungetuzika sote pamoja na wageni."

Baadaye akanieleza. Gesi humo ndani ni kama maji, imeshindiliwa. Ukifungulia, ile nguvu ya kuishindilia inapungua, gesi inageuka hewa, na ikigeuka inabeba joto la mtungi. Ni vile chungu chetu hutoa jasho na maji yakapoa, ila hii ina haraka, mpaka unyevu ulio nje unaganda juu ya chuma. Unapunguza moto, unangoja. Ukiupasha mtungi kwa makaa, unaweza kulipuka.

Viganja vya mtoto wangu vimejaa malengelenge. Namlisha kwa mkono wangu kama zamani, na bado ananicheka.

Sasa sikia. Ule mtungi aliokutumia Ndinda umeuweka karibu na mafiga. Nakujua. Utoe leo, kabla hujamaliza chai. Msalimie mzee wako, na yule mke wa mwanao mwenye kelele. Mwambie apige kelele mpaka utii.

Mbuzi mpe moto. Mtungi uache uone baridi.

Dada yako, ambaye bado anakuhitaji,
Kalondu